Irimu Haliiti Mara Mbili

Simu yangu ikilia mara ya kwanza siigusi. Naiacha ikatike, halafu nangoja ilie tena. Wajukuu wangu wameshanizoea na hunitania kwamba cucu wao anapenda kubembelezwa. Nawaacha waseme. Wao walizaliwa penye stima, hawajui kwamba giza linaweza kumfikia mtu mchana, na siwezi kumlaumu mtu kwa kucheka kitu ambacho hakijamfukuza.

Mimi ni mtoto wa Tetu. Huko kwetu, asubuhi isiyo na mawingu, unauona mlima ng'ambo ya Nyeri, mdogo na mweupe kama jino la mtoto, na ukichoka kuutazama unaupa mgongo na kuendelea kuchuma majani chai. Nyanya yangu, mzaa mama, ndiye aliyenieleza nani wanaishi kule. Juu kabisa, penye theluji, anakaa Mungu. Chini yake, kwenye mianzi na ukungu, yanakaa marimu. Irimu ni jitu ambalo likisimama wima kichwa chake kinapita miti. Mbele lina uso wa mtu, tena mtu mzuri wa kukusalimia, lakini kisogoni, chini ya nywele, lina mdomo wa pili. Mdomo wa mbele ni wa kuzungumza, wa nyuma ni wa kula. Nilimuuliza nyanya kwa nini Mungu akubali kukaa na vitu kama hivyo. Yeye hakukosa kanisa hata Jumapili moja, na swali langu halikumtaabisha. Alisema kila mwenye boma ana mbwa wake.

Kilichoniogopesha zaidi kilikuwa sauti. Irimu, kwa maelezo ya nyanya, linaweza kuchukua sauti ya mtu yeyote unayempenda na kukuita nayo kutoka msituni. Bahati yetu ni kwamba lina udhaifu mmoja. Haliwezi kuita mara mbili kwa pumzi moja. Likishaita mara ya kwanza, mdomo wa nyuma unakuwa umeanza kumeza mate kwa tamaa, na sauti inazama humo humo. Kwa hivyo ukiitwa mara moja, nyamaza. Ukiitwa mara mbili mfululizo, itika, huyo ni binadamu.

Kwetu hilo halikuwa hadithi ya jioni. Lilikuwa desturi kama kunawa mikono. Mama alituita mara mbili kuja kula, mara mbili kufunga ndama, mara mbili hata kama umesimama mbele yake. Baba alikuwa mtu wa shule na wa Biblia, akasema hayo yote ni upuzi wa zamani, na yeye pia aliita mara mbili.

Miaka michache baada ya uhuru, mashamba ya masetla yalipogawanywa, baba alipata kipande Naro Moru. Ukoo mzima ulifurahi. Nyanya peke yake ndiye aliyenuna. Siku ya kuhama alikaa juu ya godoro letu lililofungwa kamba, akakataa kuinuka mpaka aseme lake. Alimwambia mama kwamba anawapeleka watoto kukaa mlangoni pa marimu, na kwamba asije akamwambia hakuonywa. Baba alicheka. Mama hakucheka, na mimi niliyekuwa nimeshika kuku wa kuhama naye niliona kwamba hakucheka.

Nyumba yetu mpya ilitazama mlima. Haukuwa tena jino. Ulijaza dirisha, na jioni umbo lake lilionekana kwangu kama kitu kinachojinyoosha baada ya kulala mchana kutwa. Nililala nimefunika kichwa. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, akatueleza kwamba zimwi ni irimu la watu wa pwani. Darasa zima liliandika methali hiyo kwa raha. Mimi nilikasirika. Nilitaka kujua linakuachia nini, kucha? Nani ataitaka hiyo kucha?

Wageni hawakujua desturi yetu, na hilo lilituletea aibu. Siku moja mama alinipeleka soko la mifugo Nanyuki, tukanunua mbuzi kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mzee mpole mwenye kofia nyeupe. Tulipoondoka, mama akasahau kikapu. Mzee akamwita, "Mama!" Mara moja tu. Mama akaongeza mwendo. Mzee akatufuata, akaita tena mbele kidogo, mara moja. Mama akaanza kukimbia akivuta mbuzi kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, soko lote likitutazama. Alipotufikia akihema, mzee alimpa kikapu na kumwambia ana kiburi sana. Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha kwetu kwamba si kiburi, ni yeye ameita mara moja. Mzee alitutazama kwa huruma, kama mtu anayetazama wagonjwa. Watu walicheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimezunguka nyuma yake kuangalia kisogo.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, baridi inauma masikio. Wanawake wa upande wetu waliruhusiwa kuingia msituni kuokota kuni kavu. Panga na ukanda wa kubebea vilikubaliwa, kiberiti kilikatazwa kwa kuogopa moto. Mama alienda na jirani zetu wawili, na mimi nikafuata kwa kuwa nilishakua wa kubeba mzigo wangu. Tuliokota tukiwa tumetawanyika, wanawake wakiitana mara mbili mbili kati ya miti na kuitikiana. Sauti hizo zilinipa raha. Zilikuwa kama ua lililotuzunguka.

Lakini mama alikuwa na tamaa ya kuni nzuri. Alikumbuka mti wa mwerezi aliouona umeanguka huko juu, karibu na pale mianzi inapoanzia, akawaambia wenzake tutawakuta njiani. Tulipanda. Sauti za jirani zikawa ndogo. Kisha ukungu ukashuka, wala haukushuka polepole jinsi watu wanavyosimulia. Nilikuwa naona miti, nikapangusa pua, nikawa sioni miti. Wale jirani, tulikuja kujua baadaye, waliita, hawakusikia jibu, wakadhani tumeshuka kwa njia ile nyingine.

Mama alikuwa mbele yangu. Nilimwona akipungua ghafla, nusu yake ikipotea ndani ya nyasi, na nikasikia mlio mkavu kama wa ufito unaovunjwa gotini. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akafunua nyasi, na tukaona alichokanyaga. Ardhini kulikuwa na shimo la mviringo, pana kama karai, lililozama kwenye tope lililokauka. Mbele yake kulikuwa na jingine. Na jingine. Yalipanda kwa mstari kuelekea mianzini, yakifuatana kama nyayo. Zilikuwa nyayo. Sikuwa nimewahi kuona unyayo ambao mtu mzima anaweza kutumbukia ndani yake.

Mama alisema ni ndovu. Alisema kabla sijauliza, tena bila kunitazama. Leo nikiwa na akili zangu timamu najua alisema kweli, maana ndovu walikuwa tele upande ule. Lakini siku ile hakuna ndovu aliyekuja kujitambulisha, na mimi nilijua nyanya alisema nini.

Alifunga mguu kwa kitambaa cha kichwa na vijiti viwili, akajaribu kusimama, akakaa tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, jasho limemtoka katika baridi ile. Nilimwambia nikimbie nikaite watu. Akauliza nitakimbilia wapi, nikaona kwamba sijui. Njia haikuwepo, na mbogo hulala kwenye ukungu kama ule. Akanivuta nikae mapajani mwake ili tupashane joto, mimi ambaye nilikuwa mkubwa wa kupakatwa.

Tulikaa. Mianzi ililia juu yetu, ikisuguana, kama milango mingi inayofunguliwa na mtu mmoja. Baridi ilipanda kutoka chini. Nilianza kumfikiria mpagazi mmoja wa Naro Moru, kijana mwenye nguvu za kubeba mizigo ya wazungu mpaka karibu na theluji, aliyelala msituni bila moto na kukutwa asubuhi ameketi, umande umemkalia kwenye kope. Kila nyumba kwetu ilikuwa imesimulia habari hiyo. Mama alikuwa ameanza kutetemeka, halafu akaacha kutetemeka, na kule kuacha kulinitisha zaidi. Sikuhitaji kuambiwa. Usiku ukitukuta pale, mama hataamka.

Ndipo sauti ikaja.

"Wewe mama!"

Ilikuwa sauti nene ya kiume, kutoka chini yetu upande wa kushoto. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa furaha, na kabla sijatoa hata pumzi, kiganja cha mama kikaufunika. Kilinuka utomvu wa mwerezi. Tulingoja. Nilisikia moyo wake ukinigonga mgongoni. Tulingoja sauti ya pili, na badala yake kukawa na kimya kirefu, kimya cha mtu anayesikiliza. Hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kimya kile. Mtu hupiga kelele nyingi anapomtafuta mtu. Kitu gani huita mara moja halafu kikasikiliza?

Baada ya muda iliita tena, mbali kidogo. Mara moja. Kisha mbali zaidi. Mara moja. Ilikuwa inaondoka.

Niligeuka nikamtazama mama, na hapo ndipo nilipoona kilichonikaa mpaka leo. Mama yangu alikuwa anaogopa. Kusema kweli, kabla ya siku hiyo kulikuwa na pembe ndogo ya moyo wangu iliyoshuku kwamba watu wazima wanatutisha kwa marimu ili tusiende mbali na nyumbani. Nilipouona uso wa mama, pembe hiyo ilizimika. Yapo, nikajiambia. Kweli yapo, na mama anajua.

Aliutazama mguu wake. Akatazama ukungu, ambao ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu kwa sababu jua linatua mahali fulani nyuma yake. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Kando yetu kulikuwa na mti mkubwa, shina lake limeliwa na moto wa zamani likabaki na uwazi ndani. Akanionyesha kwa kidevu. Kila mara aliniita Mami, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na siku ile alinisemesha kama vile ananiagiza chumvi.

"Mami, sikiza mimi. Ingia kwa hiyo mti, ujifunike na matawi. Mimi nitaitikia huyo."

Nilimwambia ameita mara moja.

"Nimesikia vile ameita. Sasa wewe usitoke. Nikikuita mara moja, usitoke, hata kama ni sauti yangu. Nikikuita mara mbili, toka."

Nikamuuliza, na wewe je?

"Kama ni hiyo kitu," akasema, "itashiba na mimi."

Niliingia. Sijui miguu ilinipelekaje. Ndani ya mti kulinuka makaa na popo, na nilijifunika matawi mpaka nikabaki na tundu la jicho moja, ambalo halikuona ila weupe. Nikamsikia mama akivuta pumzi. Kisha akaita kwa nguvu zake zote, "Niko hapa! Niko hapa!" Mara mbili. Hata kwa irimu hakujua kuita namna nyingine.

Msitu ukaanza kuvunjika. Kitu kilikuwa kinapanda kuja kwetu bila kufuata njia, kinakanyaga vijiti, kinahema. Hakikuharakisha. Kila hatua ilisikika ardhini kabla ya kusikika masikioni. Nilikojoa, na sioni haya kulisema. Kitu kikafika. Nikasikia ile sauti nene, chini chini, ikisema maneno ambayo woga haukuniruhusu kuyashika, na mama akijibu kwa sauti nyembamba. Nguo zikakwaruzana. Mama akatoa ukelele, mmoja, mrefu, ambao sijawahi kuusikia kwake tena hata alipozaa wadogo zangu. Halafu akaita.

"Mami!"

Mara moja.

Niliuma mkono wangu. Nilingoja ya pili. Mama, ita tena, nilisema moyoni, ita tena nitoke. Hakuita. Nilihesabu majani, nilihesabu vidole, sikujua nahesabu nini. Kulikuwa na kimya, kisha mguno wa kitu kinachojitwika mzigo, kisha zile hatua tena, nzito kuliko mwanzo. Zilikuwa zinashuka. Lilikuwa limeshiba, linarudi kwake.

Watoto huambiwa ni mashujaa wakifanya jambo kama nililolifanya. Mimi sikuwa shujaa. Nilifikiria tu kubaki ndani ya ule mti peke yangu giza likiingia, hatua zile zikiwa zimekwisha, na nikaona kwamba kuliwa ni afadhali. Nitaliwa, na humo tumboni nitamkuta mama. Nilisukuma matawi nikatoka.

Palipokuwa na mama palikuwa na nyasi zilizolala. Mbele, ndani ya ukungu, kitu kilikuwa kinateremka. Kilikuwa kirefu mno, na kipana mno kiunoni, kina ngozi nyeusi inayofika magotini. Kilikuwa kinanipa mgongo. Na kisogoni, pale pale nyanya alipopaonyesha kwa kidole chake, kulikuwa na uso wa pili, na katika uso huo mdomo uliokuwa wazi.

Nilikaa nyasini nikitazama ule mdomo ukienda, ukiyumba kila hatua. Meno yake ya juu yalikuwa na mwanya. Nilimjua mtu mmoja tu duniani mwenye mwanya ule. Basi limemmeza, nikawaza, limemmeza mpaka shingoni, na kichwa ndicho kilichobaki. Methali ya mwalimu ikanijia wakati huo, wakati ule mbaya kuliko yote. Halikuli likakwisha. Linakuachia kichwa.

Nawaeleza sasa kilichokuwepo, ingawa mimi nilielezwa baadaye, karibu na moto, nikiwa nimefunikwa blanketi na sina imani na maelezo yoyote. Lilikuwa ni askari wa msitu, mtu mrefu ajabu aliyeletwa kazini kutoka upande wa ziwa. Jirani zetu walipoona hatujafika nyumbani walimkimbilia. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, naye Kikuyu hakukijua, kwa hivyo alielewa kwamba mama mmoja amepotea juu na hakuelewa habari ya mtoto. Aliita jinsi alivyofundishwa, mara moja halafu kimya, ili asikie jibu. Alipompata mama alimfunga kwa ule ukanda wetu wa kuni, mgongo kwa mgongo, kama alivyowaona wapagazi wa Naro Moru wakimteremsha mtu aliyeumia, ili mguu uliovunjika usigonge wake. Juu yao wote wawili akafunga kabuti lake jeusi. Mama alizimia alipokuwa akifungwa, kabla hajaniita mara ya pili. Ule mwito wake wa "Mami", askari alidhani anamlilia mamake, kama tunavyofanya sote.

Lakini pale nyasini hakukuwa na askari wala kabuti. Kulikuwa na irimu na mdomo wake wa nyuma, na mdomo huo ulikuwa unaniacha. Ukungu ulishaanza kuula. Sijui nilitoa sauti gani. Nadhani ilikuwa kilio tu, kama cha mbuzi.

Uso ule ukafungua macho. Ulinitafuta chini ya miti, na ulionekana kuchoka sana.

"Mami," mdomo wa nyuma ukasema. Ukameza mate. Niliona koo likipanda na kushuka, kama nyanya alivyosema, na nikajua sasa ndiyo imekwisha, sauti imezama. Ukafunguka tena.

"Mami."

Nikaitika. Nilisimama, nikakimbia nikaanguka nikasimama, nikashika pindo la ile ngozi nyeusi kwa mikono miwili, nikalifuata irimu mpaka barabarani.